Agizo la Mdomo Lililomwangusha Katibu wa Fedha

Hirubhai Mulljibhai Patel hakuwa mwizi. Naanza na hilo kwa makusudi, maana visa vya wakubwa walioanguka tumezoea kuvisoma tukiwa tumejiweka pembeni: fulani alikula fedha za umma, akaumbuka, basi, sisi hatuli fedha za umma, kwa hiyo hayatuhusu. Kisa cha Patel kinatuhusu. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba alitia mfukoni hata rupia moja isiyo yake. Alikuwa msomi, mchapakazi, mtu wa kuaminiwa na wakubwa, na bado siku tano za mwezi Juni 1957 zilitosha kuuangusha utumishi wa miaka thelathini. Kinachonisumbua ni kwamba kila alichokifanya katika siku hizo kinafanyika leo katika ofisi nyingi, na wengi wetu tungekifanya bila kusita.

Alizaliwa Bombay tarehe 27 Agosti 1904, akasoma Oxford, na mwaka 1927 akaingia katika ile kada ya juu kabisa ya utumishi wa serikali ya India chini ya Waingereza. Wahindi waliopenya mle walikuwa wachache na mtihani wake ulikuwa mgumu. Aliyefaulu alikuwa na uhakika wa kazi ya maisha na heshima mbele ya watu wa kila aina.

Kilichomtoa hadharani ni mwaka 1947. Waingereza walipotangaza mwezi Juni kwamba wanaondoka na nchi inagawanywa kuwa India na Pakistan, zilibaki wiki kumi hivi kufika usiku wa uhuru. Nani angegawanya Hazina, madeni, reli, jeshi, mpaka meza, viti na mashine za kuandikia za ofisini? Kazi hiyo ilikabidhiwa kamati ya watu wawili, wote watumishi wa serikali: Patel kwa upande wa India, na Chaudhri Muhammad Ali kwa upande wa Pakistan. Walikuwa wakifahamiana na kuheshimiana. Nje damu ilikuwa inamwagika. Ndani wao walikaa na majalada yao, wakabishana kuhusu tarakimu, wakaandika walichokubaliana. Katika fedha taslimu na akiba za nje, fungu la Pakistan lilifikia asilimia 17.5. Chaudhri Muhammad Ali baadaye akawa Waziri Mkuu wa Pakistan. Patel akawa katibu wa Wizara ya Ulinzi wakati vita vya Kashmir vinawaka, na kufika katikati ya miaka ya 1950 alikuwa ameshika kiti kikubwa kuliko vyote pale Hazina: Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha.

Ninaisimulia kazi ya 1947 kwa sababu inaonyesha kwamba Patel aliijua thamani ya karatasi kuliko mtu yeyote. Mtu aliyegawa mali za nchi mbili bila kila kitu kuandikwa na kutiwa saini angechinjwa na pande zote. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba aliyoyafanya miaka kumi baadaye aliyafanya kwa ujinga. Aliyafanya kwa mazoea, na kwa kuaminiwa.

Mwezi Januari 1956 Serikali ya India ilitwaa biashara yote ya bima ya maisha. Kampuni na vyama 245 vikaunganishwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likaanza shirika moja la umma, LIC. Sababu kubwa ya kutaifisha ilikuwa kwamba wenye kampuni binafsi walikuwa wakizichezea fedha za wenye bima, wakizitia katika biashara zao na za marafiki zao. Fedha hizo ni za nani? Ni za mwalimu, karani wa reli na muuza duka mdogo, watu waliokuwa wakitoa kidogo kila mwezi ili wakifa leo watoto wasilale njaa. Serikali iliwaambia: sasa mko salama.

Sheria iliyounda shirika hilo iliweka kinga. Serikali iliruhusiwa kulipa LIC mwongozo katika masuala ya sera yanayogusa maslahi ya umma, lakini mwongozo huo utolewe kwa maandishi. Ndivyo sheria ilivyosema. Pamoja na hayo, shirika lilikuwa na kamati ya uwekezaji, yenye watu wanaolijua soko la hisa, kazi yao ikiwa ni kutoa ushauri kabla fedha hazijatoka. Kinga hizo mbili zilitosha kabisa kama zingetumika.

Sasa mwingize Haridas Mundhra. Huyu alianza kwa kuuza balbu za taa, na kufikia miaka ile alikuwa ameshika kampuni kadhaa za zamani zilizoachwa na Waingereza, nyingi akizinunua kwa fedha za kukopa. Mwaka 1956 Soko la Hisa la Bombay lilimkuta na hatia ya kuuza hisa za kughushi. Hiyo haikuwa siri ya chumbani. Watu wa soko walijua, madalali walijua, mabenki yalijua. Mwaka 1957 madeni yalimbana na hisa za kampuni zake zikawa zinaporomoka.

Ijumaa ya tarehe 21 Juni 1957 Mundhra alimpelekea Patel barua. Alieleza shida zake na kupendekeza namna ya kusaidiwa: LIC inunue hisa za kampuni zake. Tuitazame barua hii kwa makini. Mwombaji alikuwa mtu mwenye madeni na doa la kughushi. Aliyeandikiwa alikuwa katibu wa wizara, ilhali fedha zilikuwa za shirika lenye mwenyekiti wake, mkurugenzi wake na kamati yake. Na mwenye kuomba ndiye aliyetaja anachotaka kununuliwa. Barua ya namna hiyo ikitua mezani, jibu la kawaida la ofisi ni jepesi: ipelekwe kunakohusika, ifuate utaratibu.

Haikuwa hivyo. Jumamosi na Jumapili zikapita katika mazungumzo pale Bombay. Wakuu wa LIC, mwenyekiti G. R. Kamat na mkurugenzi L. S. Vaidyanathan, wakaingizwa. Kufika Jumanne, tarehe 25 Juni, shirika lilikuwa limenunua hisa za kampuni sita za Mundhra kwa zaidi ya rupia milioni 12. Miongoni mwa kampuni hizo zilikuwamo Jessop, Richardson Cruddas na British India Corporation. Bei zilizolipwa, uchunguzi ulikuja kuonyesha, zilizidi za soko. Kamati ya uwekezaji haikuulizwa. Iliarifiwa baadaye, fedha zikiwa zimekwisha kutoka.

Dalili za hatari zilikuwa nyingi, na hakuna iliyofichwa. Jina la mwombaji lilinuka. Mpango ulitoka kwa muuzaji mwenyewe. Kasi ilikuwa ya ajabu: shirika la umma lenye makao, makarani na taratibu lilikamilisha ununuzi wa mamilioni kutoka Ijumaa hadi Jumanne, mwisho wa juma ukiwa katikati. Mtu mwenye haki huwa hana sababu ya kukimbizana hivyo, na aliyezoea ofisi anajua kwamba jambo linalolazimishwa liishe kabla ya Jumatatu kuchomoza mara nyingi ni jambo ambalo Jumatatu lingekataliwa. Wapo watu waliolipwa mshahara kwa ajili ya kuuliza maswali, na ndio hasa waliorukwa.

Halafu kuna dalili moja ambayo kwangu imezidi zote. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeamua. Wakuu wa LIC waliona wanatekeleza matakwa ya wizara, kwa kuwa katibu wa wizara amesema. Katibu aliona ana baraka za waziri wake, T. T. Krishnamachari. Waziri baadaye akasema hakuidhinisha ununuzi ule. Mahali palipotakiwa kuwa na uamuzi wa mtu mmoja mwenye jina na saini, palikuwa na watu watatu au wanne wanaoegemeana. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari lilikuwepo, wino ulikuwepo, sheria ilidai, ila hakuna aliyeshika kalamu.

Kwa nini mtu makini kama Patel hakumwomba waziri wake mistari miwili? Siwezi kuingia moyoni mwake, lakini mazingira yale nayaelewa, na wewe uliyewahi kufanya kazi chini ya mkubwa unayeaminiana naye unayaelewa pia. Kumwomba mkubwa aandike alichokisema kunaonekana kama kumshuku. Mkiwa mmezoeana, mnaongea nusu ya sentensi na nusu nyingine inaeleweka. Tena ukiwa na sifa ya miaka thelathini unaanza kuamini kwamba neno lako linatosha, kwamba hakuna atakayekuuliza. Nami sijitoi hapo. Mtu anayeniheshimu akinitazama usoni na kuniambia "shughulikia hili, unajua mwenyewe," sina hakika kama ningekuwa na ujasiri wa kumjibu, "naomba dokezo, mzee."

Basi miezi ikapita, minong'ono ikaanza, magazeti yakadokeza, na Bungeni maswali yakaulizwa. Majibu ya Serikali yalikuwa ya kukwepakwepa, na hilo lilizidisha moto. Mtu aliyelivalia njuga jambo hili alikuwa Feroze Gandhi, mbunge wa chama tawala chenyewe cha Congress na mkwe wa Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru. Tarehe 16 Desemba 1957 alisimama Bungeni akiwa na tarakimu na tarehe zake, akaeleza hatua kwa hatua jinsi fedha za wenye bima zilivyokwenda kumwokoa mfanyabiashara mmoja. Inatia moyo kuona mbunge akihoji Serikali ya chama chake na ya baba mkwe wake kwa ajili ya watu wasiomjua.

Januari 1958 ikaundwa tume ya mtu mmoja, Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu ya Bombay, M. C. Chagla. Alisikiliza shauri hadharani. Watu walijaa mpaka vikafungwa vipaza sauti ili walioko nje wasikie, na wananchi wakawasikia wakubwa wa Hazina wakihojiwa mmoja mmoja: nani alisema nini, siku gani, mbele ya nani. Patel alisema waziri alijua na aliridhia. Waziri akakana. Maneno ya heshima ya mtu mmoja yakawekwa dhidi ya maneno ya heshima ya mwingine, na hapakuwa na karatasi ya kuamua kati yao.

Ilitolewa pia hoja kwamba ununuzi ulifanywa ili kulipa nguvu soko la hisa la Calcutta lililokuwa linayumba. Chagla hakuikubali. Kama lengo lilikuwa kusaidia soko zima, kwa nini zikanunuliwa hisa za mtu mmoja? Na kama jambo lilikuwa jema, kwa nini kamati ya uwekezaji isiulizwe? Wajumbe wa kamati ile walilijua soko na walimjua Mundhra; laiti wangeulizwa, biashara ile isingefanyika. Jaji alisema pia jambo ambalo mawaziri wa nchi zote wanapaswa kulijua: waziri anabeba dhamana ya yale yanayofanywa na katibu wake, hawezi kumsukuma mbele na yeye akabaki nyuma. Taarifa ilitolewa Februari 1958, muda mfupi sana tangu tume iundwe. Krishnamachari akajiuzulu mwezi huohuo, na Nehru mwenyewe ikambidi asome bajeti ya mwaka ule. Mundhra akakamatwa na kufungwa.

Patel hakupona. Baada ya Chagla likaja jopo jingine la uchunguzi chini ya Jaji Vivian Bose kutazama mwenendo wa maofisa, na mambo yakaburutwa. Mwisho wake alistaafu kabla ya wakati. Mtu aliyegawa Hazina ya bara zima akarudi Gujarat akiwa na jina linalotajwa pamoja na jina la Mundhra, na hata leo ukisoma historia ya miaka ile, mara nyingi utamkuta Patel wa hisa kabla ya kumkuta Patel wa 1947.

Ni haki kusimulia pia alichofanya baadaye, kwa sababu hapo ndipo ninapomstahi. Hakukaa nyumbani kulaumu dunia. Alikwenda Vallabh Vidyanagar, mji wa vyuo uliokuwa wakati huo katika wilaya ya Kheda, akashika uongozi wa taasisi ya elimu iliyoujenga mji huo, na kwa miaka mingi akahangaikia madarasa, walimu na mabweni. Baadaye akaanzisha huduma ya afya kwa watu wa vijiji vya pale, na hospitali ikasimama Karamsad. Akaingia siasa kupitia chama cha Swatantra, na mwaka 1971 akachaguliwa mbunge.

Machi 1977 chama cha Congress kiliposhindwa kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu, Waziri Mkuu mpya Morarji Desai, ambaye naye alianza maisha kama mtumishi wa serikali, alimpa Patel Wizara ya Fedha. Karibu miaka ishirini ilikuwa imepita tangu aondoke pale. Hotuba yake ya bajeti ya muda mwaka ule, ya maneno mia nane hivi, inatajwa kuwa fupi kuliko zote katika historia ya India. Januari 1978, akiwa waziri, Serikali iliziondoa katika matumizi noti kubwa za rupia 1,000, 5,000 na 10,000 ili kuwabana wenye fedha chafu. Mwaka 1979 akahamia Wizara ya Mambo ya Ndani, na mwezi Julai serikali ile ikaanguka. Alifariki tarehe 30 Novemba 1993.

Kwa hiyo wapo wanaosema mwisho wake ulikuwa mwema, tuache ya kale. Ni kweli alisimama tena. Lakini kusimama kwake hakukurudisha miaka aliyoipoteza akiwa katika umri wa kulitumikia taifa kwa nguvu zote, wala hakukufuta hasara ya wenye bima. Wala si kila aangukaye hupata Morarji Desai wa kumwita tena. Krishnamachari naye alirudi kuwa Waziri wa Fedha miaka ya 1960. Wakubwa wana njia zao za kurudi. Mhasibu wa halmashauri, katibu wa chama cha ushirika, mweka hazina wa msikiti au wa kikoba, akianguka kwa jambo kama hili, nani atamrudisha?

Ndiyo maana nawasihi hasa wale ambao hawana majina makubwa. Mkubwa akikupigia simu Ijumaa jioni akitaka fedha zitoke kabla ya Jumatatu, usibishane naye wala usimshuku. Rudi mezani, andika dokezo fupi la mistari mitano: umeagizwa nini, na nani, tarehe ngapi, na kwamba unasubiri idhini yake. Lipeleke asaini. Kamati ipo? Iitishwe, hata kama wajumbe ni wasumbufu, hata kama mmoja wao huuliza maswali mpaka chai inapoa. Mwenye kuomba fedha ndiye aliyeandika masharti? Mwombe mtu mwingine ayasome. Na kama wewe ndiye mkubwa, usimtume mdogo wako kwa mdomo katika mali ya watu. Mpe karatasi yenye saini yako, ili siku ya kuulizwa muwe wawili mnaojibu.